Pua ya Baba na Marobota Thelathini

Robota la mwisho la kiangazi kilichopita lilipopasuliwa lilitoa vumbi jeupe, na mama akarudi nyuma hatua mbili huku amejiziba pua kwa mtandio. Ndani, silaji, yale majani ya ng'ombe yanayofungwa mabichi yasipate hewa, iliyopaswa kunukia tamutamu kama matunda yaliyochachuka ilikuwa imeshikana mabonge, nyeupe kwa buluu, kama mkate uliosahauliwa kabatini. Mama akalisukuma kando kwa mguu. Marobota mengine ya namna hiyo alikuwa ameshawalisha ng'ombe, akitupa palipooza na kubakiza palipoonekana pazima, na wiki hiyohiyo mtamba wake mweusi alikuwa ametupa mimba ya miezi saba.

Lawama ziligawiwa kwa ukarimu mkubwa. Baba aliilaumu nailoni iliyozungushiwa marobota kwa wembamba wake, panya kwa malezi yao, dereva wa trekta kwa kuchelewa, na jirani wa bondeni kwa jicho lake. Mtu mmoja tu alikosa mgawo, naye ndiye aliyekuwa akigawa.

Nieleze kwa heshima zote. Baba yangu ana pua. Najua kila mtu anayo, lakini ya baba ina cheo. Hunusa maziwa akakwambia yatachacha saa ngapi. Hunusa mawingu akaanua nguo kabla ya tone la kwanza. Basi kila baada ya siku chache alikwenda kwenye marobota na kisu chake cha kukunja, akatoboa tundu dogo kama la kifungo, akavuta majani kwa vidole viwili, akafumba macho, akanusa. "Inakuja vizuri," hutangaza, kisha huziba tundu kwa selotepu, ile tunayobandikia majalada ya madaftari. Jua la saa sita likiipiga, selotepu hujikunja na kuanguka. Na mgeni akifika hunusishwa pia, kwa sababu ukarimu ni ukarimu. Mgeni wa kawaida hupewa tundu la zamani. Mgeni wa maana hutobolewa robota jipya.

Niliporudi likizo kutoka shule ya bweni nilikuta mama amehifadhi nailoni za mwaka jana ili aezekee banda la kuku. Nilizitandaza uani kuziosha. Kila penye tundu la kisu, upande wa ndani palikuwa na duara la ukungu, pana kama sahani. Pasipo na tundu pakavu, safi. Nilihesabu matundu hadi arobaini na mbili, nikaacha kuhesabu na kuosha pia, kwa kumwonea baba haya.

Msimu huu mama alikuwa amekaza kamba. Majani yalishindiliwa na kufungwa siku hiyohiyo, nailoni ikazungushwa mara sita badala ya nne, ardhi ikang'olewa visiki vyote, na juu ya marobota thelathini ukatandazwa wavu ili kunguru wasidonoe. Mtamba mweusi alikuwa na mimba tena. Mama alimgusa ubavu kila asubuhi kama mtu anayebisha hodi.

Wavu ulizuia kunguru. Baba aliufunua tu.

Sasa, shuleni mimi nina jina kwa mambo ambayo hakuna aliyewahi kuthibitisha kuwa ni yangu. Viti vyote vya walimu viliwahi kukutwa uwanjani, vimepangwa mstari vikitazama goli, na hadi leo uchunguzi unaendelea. Imani yangu ilikuwa moja: ukaidi mzuri hauna mwenyewe. Kwa hiyo nilianza kumzuia baba kwa njia zangu. Kwanza nilibandika tangazo kwenye marobota, limeandikwa kwa wino mwekundu: *Ni marufuku kutoboa. Hewa ya ndani haijakaguliwa. Kwa amri, Kamati ya Hewa.* Baba alivaa miwani, akalisoma mara mbili, akakaa mbali siku nne nzima. Siku ya tano akamuuliza mwenyekiti wa wafugaji ofisi ya Kamati ya Hewa iko wapi, na hapo kamati ikavunjika.

Kisha nikaficha kisu ndani ya debe la unga.

Hili ndilo lililoniharibia. Baba alikitafuta kutwa nzima, na jioni, tukiwa mezani, akamwambia mama kwa sauti ya taratibu kwamba mke anayemfichia mumewe vitu atakuja kumficha na ukweli. Mama alinitazama. Alijua, mama hujua. Akarudisha macho kwenye sahani yake, akasema labda yeye ndiye aliyekiweka mahali akasahau. Nami, shujaa wa viti vya walimu, nikatafuna.

Jumamosi wakaja wageni: mwenyekiti na wafugaji watatu. Baba alikuwa amekwisha kununua kisu kipya. Aliwaongoza hadi kwenye marobota, akafunua wavu, akachagua la katikati, zima kabisa, lisilo na kovu. Aliponyanyua mkono nilikuwa nimeshaegemeza mgongo kwenye nailoni.

"Sogea, binti yangu."

"Sisogei, baba."

Mwenyekiti akacheka, akasema huyu labda ndiye Kamati ya Hewa. Wenzake wakacheka pia.

"Ndiye," nikasema. "Tangazo niliandika mimi. Kisu nilificha mimi, mama hakuhusika. Ukitaka kunichapa nichape, lakini robota hili hulitoboi."

Kicheko kikakatika. Baba alisema kwa upole, upole ule wa hatari, kwamba yeye alinusa silaji kabla mimi sijajua kupenga kamasi, je, leo namfundisha kunusa? Nilimjibu anuse atakavyo, ila kwa nje, kwa sababu kila anapotoboa hewa inaingia, na hewa ikiingia ukungu unaingia, na mtamba wa mama hawezi kutupa mimba mara mbili kwa ajili ya wageni.

Mama alitoka nyuma ya banda na nailoni ya mwaka jana. Aliinyanyua kwa mikono miwili kulielekea jua, na mwanga ukapenya kwenye yale matundu, kila tundu na duara lake la ukungu. Wageni wakasogea kutazama. Baba alichomeka kidole kwenye tundu moja. Kikapita bila taabu, kama kinavyopita mlango wa kwao.

Alikiacha humo muda mrefu. Kisha akasema wageni hawajaona kisima kipya, akawapeleka kisimani.

Mimi nikabaki pale pale, mgongo kwenye robota. Hakuna aliyeniambia nikae wala niondoke. Mama aligeuza ndoo, akaiketia kando yangu. Tulisikia wakiagana getini, tukasikia komeo, tukasikia viatu vya baba vikirudi polepole juu ya changarawe. Alikuja mikono ikiwa nyuma, na hatukuweza kuona kama imeshika kitu.

"Miguu inakuuma?" mama akauliza.

"Inauma."

Akainuka kutoka kwenye ndoo, akakung'uta nguo yake, akaegemea robota la pili.

"Basi simama vizuri," akasema.