Barua ya Emerance Ukutani

Mwalimu Sidonie hakuipenda ile programu mpya tangu mwanzo, ila aliikubali kwa sababu Adalbert ndiye aliyeileta. Wote wawili walitoka Butembo, walisomea ualimu pamoja, na Adalbert alikuwa baba wa ubatizo wa mwanawe Benny. Katika shule yao kule Keshero, Adalbert ndiye aliyeshughulikia mashini zote. Alipowaambia walimu kwamba tableti sasa zingewasaidia watoto kutulia darasani, Sidonie alimwamini.

Programu ilifunga kila kitu kisicho cha somo, isipokuwa ukurasa wa kuandikia. Ilimwonyesha mwalimu rangi ya kila mwanafunzi: kijani kwa anayefuata, njano kwa anayeanza kupotea, nyekundu kwa aliyepotea kabisa. Na mwalimu akitaka, angeweza kufungua kioo cha yeyote akaona anachofanya.

Wiki ya kwanza, katika somo la jiografia, jina la Emerance liligeuka njano, kisha jekundu. Emerance alikuwa msichana wa miaka kumi na sita aliyekimbia vita kutoka Rutshuru pamoja na mdogo wake Charline. Walipotezana na mama yao njiani, na simu ya mama haikuita tena; sasa walikaa kwa shangazi yao. Sidonie alifungua kioo cha msichana akitarajia kukuta michoro. Alikuta barua. Emerance alikuwa akimwandikia mama yake mambo ya kila siku, ili watakapoonana asisahau kumweleza kitu.

Baada ya kengele Sidonie alimwita, akakiri kwamba amesoma. Emerance aliinamisha kichwa. Wakapatana: amalize kwanza kazi ya somo, kisha dakika kumi za mwisho aandike, na Sidonie hatafungua tena wala hatamwambia mtu.

Mapatano hayo yalidumu mwezi mmoja. Kisha prefe, yaani mkuu wa shule, akaanza kuletewa orodha ya rangi kila Ijumaa, na jina la Emerance lilikuwa jekundu kila mara. Akasema huenda mtoto huyo afaa kurudishwa darasa la chini. Sidonie aliogopa. Alimwendea Adalbert, akamweleza yote, akamwomba apange programu isimhesabu Emerance katika zile dakika kumi.

"Hii ni siri ya mutoto," alimwambia. "Nimeivunja kwako tu."

Adalbert aliapa kwa jina la Benny. Na kweli, Ijumaa iliyofuata jina la Emerance halikuwa jekundu tena. Sidonie alimshukuru.

Alhamisi moja, wiki mbili baadaye, prefe aliingia darasani kwa Sidonie pamoja na kamati ya wazazi waliotaka kuona mambo mapya ya tableti. Adalbert alikaa karibu na projekta wakati Sidonie akifundisha juu ya matawi ya mto Kongo. Zilipobaki dakika kumi, Adalbert aliomba nafasi. Alieleza kwamba tangu wiki hiyo programu iliweza kuchukua kioo cha mwanafunzi aliyepotea na kukiweka mbele ya wote, ili arudi kwenye somo. Kisha akabonyeza.

Ukuta ukajaa maandishi, na jina la Emerance juu yake.

*Mama, leo shangazi alipika sombe. Charline ameanza kumuita mama. Sikumukatalia. Unisamehe.*

Mzazi mmoja alicheka.

"Kwa kumutazama, mutu angefikiri anaandika somo," Adalbert aliwaambia wageni. "Mwalimu Sidonie ndiye alitusaidia kumujua."

Emerance aligeuka, akamtazama Sidonie. Hakulia. Alirudi kwenye tableti akaanza kufuta, na kwa kuwa kioo chake kilikuwa bado ukutani, wote waliona maneno yakiondoka moja moja, toka la mwisho hadi la kwanza, mpaka ukuta ukabaki mweupe. Sidonie alikuwa hatua tatu tu kutoka kwenye waya wa projekta. Hakuuchomoa. Katika yote yaliyotokea, hilo ndilo alilojilaumia kuliko mengine.

Wageni walipoondoka alimkuta Adalbert akikunja nyaya. Adalbert alisema alihitaji mfano wa kweli, kwamba mtoto wa kuigiza asingewashawishi wazazi. Sidonie akamwuliza kwa nini alimchagua yule.

"Nilijua saa yenye ataandika. Wengine siwajui."

"Uliijua kwa sababu nilikuambia."

"Na weye uliijua aje?" Adalbert aliendelea kukunja waya. "Ni weye ulifungua kioo chake wa kwanza."

Sidonie alitoka, na tangu siku ile hakumkaribisha tena nyumbani, hata kwa komunyo ya Benny.

Emerance hakuja shule Ijumaa wala Jumamosi. Jumapili baada ya misa, Sidonie alikwenda mtaa wa Mabanga kwa shangazi wa Emerance, Mama Bulonza, aliyeuza makaa mbele ya nyumba. Emerance alitoka na Charline mgongoni, akamletea kiti. Sidonie alieleza hofu yake, maneno ya prefe na kile kiapo, akaomba msamaha. Msichana alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu, ungeniuliza miye kwanza," akasema. "Ningeacha tu kuandika."

Sidonie akauliza kama barua nyingine bado zipo. Emerance alisema alizifuta zote siku ile ile, kwani hakujua ni nani mwingine aliyekuwa akizisoma.

Jumatatu Sidonie alimwambia prefe kwamba hatafundisha tena ikiwa vioo vya watoto vitapelekwa ukutani. Prefe alikubali kuiondoa sehemu hiyo, lakini rangi aliziacha. Emerance alirudi kwa kulazimishwa na shangazi. Alihamia mstari wa nyuma, akawa kijani kila somo, kwani alikuwa amejifunza kugusa kioo mara kwa mara huku macho yakiwa mbali. Adalbert aliziweka rangi za Emerance katika ripoti, kuwa ushahidi kwamba programu inafaa, na shule mbili zikamwita aende kuwafundisha walimu wao.

Mwisho wa mwaka Mama Bulonza alimhamishia Emerance katika shule ndogo ya masista, isiyo na tableti. Karatasi ya kuhama ilihitaji sahihi ya mwalimu wa darasa. Sidonie alitia sahihi, akamkabidhi. Emerance aliipokea karatasi kwa mikono miwili, akashukuru kwa adabu, kama mtu anavyomshukuru karani asiyemjua, akatoka.