Chumvi ya Bibi Fusae

Mgeni hakubisha hodi. Asubuhi baada ya dhoruba nilifungua mlango wa nyuma, nikamkuta amelala kwenye mfereji wa saruji kando ya jiko: salamanda mkubwa, yule mnyama wa mtoni wa jamii ya vyura mwenye mkia, urefu wa mtoto wa miaka mitatu, mweusi, kichwa bapa kama sepetu. Mafuriko yalimtoa mtoni, yakapungua, yakamwacha.

Nyuma yangu Bibi Fusae alipiga yowe. Kabla sijajua la kufanya, alikuwa amerudi na mtungi wa chumvi, akamrushia konzi moja, mbili, tatu. Kwetu ndivyo tunavyofanya mauti yakikaribia mlango. Hata tukitoka mazishini hujinyunyizia chumvi kabla ya kuingia ndani.

"Bibi, acha! Unamchoma!"

Mnyama alijikunja. Ngozi yake, laini kama ya chura, ilitoa ute mweupe, na ua mzima ukanuka pilipili.

"Marehemu baba yako alimpiga mmoja kwa jiwe akiwa na miaka kumi," Bibi alisema. "Hakufikisha miaka arobaini. Chitose, huyu akifia hapa, utafuata wewe. Na mimi nimebaki na wewe tu."

Nimemaliza chuo kikuu mwaka huu, siamini laana. Lakini miguu yangu, isiyo na elimu hiyo, ilirudi nyuma hatua mbili.

Nikapiga simu ofisi ya mji, maana kisheria hawa haturuhusiwi hata kuwagusa. Bwana Kuwamoto, anayeshughulikia wanyama wanaolindwa, aliposikia neno chumvi aliuliza ni konzi ngapi.

"Barabara imekatika. Nikifika jioni nitamkuta amekufa," alisema. "Mwingizeni kwenye maji safi sasa hivi, lawama nitabeba mimi. Ila angalieni mdomo wake. Akiuma, haachii."

Mabomba yalikuwa makavu. Kulibaki maji ya hodhi la kuogea tu, na ni safi, kwa kuwa kwetu hakuna anayeingia humo kabla ya kujisugua na kujisuuza nje. Nikajaza ndoo mbili, nikalilaza ubavu beseni kubwa la kufulia nguo mbele ya pua ya mnyama.

"Bibi, mimi nitamsukuma kwa nyuma na taulo lililoloa. Wewe shikilia beseni. Likiteleza atarudi kwenye chumvi, na nguvu zimeshamwisha."

"Mimi? Si atanimeza!"

"Na unene huo? Atakupitishia wapi?"

Hakucheka. Alipiga magoti, akashika ukingo kwa mikono miwili.

"Niahidi hutaliachia."

"Sitaliachia," alisema, kwa sauti ndogo sana.

Nikasukuma. Alikuwa mzito, anateleza kama bamia. Akaingia nusu, akasita. Ghafla kichwa kiligeuka, taya zikakibana kidole gumba cha Bibi. Nilisikia kitu kikivunjika. Damu ikatiririka ndani ya beseni.

"Achia, Bibi! Achia!"

Alifumba macho. Beseni likawa linagonga saruji mikononi mwake, lakini halikusogea.

"Sukuma," alisema. "Mjinga wewe, unanitazama nini? Sukuma!"

Nikasukuma mpaka mkia wote ukaingia. Bibi akalisimamisha beseni kwa kiwiko, kidole bado kiko mdomoni mwa mgeni.

"Haya, mimina maji," alisema. "Polepole, yasimshtue."