Saruji ya Orville

"Gonga hapo," Bi Kruse alisema, akionyesha tofali lililo juu ya dirisha la pili.

Orville Tackett akagonga kwa mpini wa nyundo. Tofali lililooza hutoa mlio mzito wa boga. Hili lililia kama kikombe kizima. Bi Kruse, mkaguzi wa majengo, akaandika kwenye karatasi zake, akasogea kushoto. Chini, mlangoni mwa jumba la maonyesho la Mill Fork, tangazo la kubomoa lilikuwa bado limebandikwa, na yeye ndiye aliyekuja kuamua.

Mji mzima ulijua nani aliuumiza ukuta ule. Mwaka 1979 Orville, fundi kijana mwenye mabega mapana na majivuno, alikwangua chokaa ya wazee kati ya matofali akajaza saruji, ngumu kuliko matofali yenyewe. Maji yaliyoingia yakakosa pa kutokea, yakaganda wakati wa baridi, na kila barafu ilipoyeyuka nyuso za matofali zilibanduka na kumwagika barabarani. Kwa miaka arobaini na ushei alizunguka mtaa wa nyuma asipite pale. Kiangazi hiki, akiwa na miaka sabini, alipanda jukwaa la ujenzi bila kuombwa na mtu, akaing'oa saruji yake kwa tindo na kurudisha chokaa.

"Shemeji!" Darlene aliita kutoka mlango wa mkahawa wake, ng'ambo ya barabara. "Ukianguka, angukia upande wa benki. Huku nina wateja."

"Wateja gani, yule paka?"

Watu waliokusanyika barabarani wakacheka.

Pembeni kabisa kilibaki kipande cha saruji, upana wa kiganja, kimeandikwa O. TACKETT 1979.

"Na hiki?" Bi Kruse aliuliza.

"Nimekiacha cha mwisho."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa nakipenda, mama."

Bi Kruse akakigonga kwa kalamu. "Kitoe. Mengine yote yamepita ukaguzi."

Mapigo matatu, na jina likapasukia chini. Orville akashindilia chokaa palepale, macho yamemjaa machozi, wala hakuyaficha. Bi Kruse akashuka, akabandua tangazo, akalikunja mara nne. Barabara nzima ikapiga honi, na Darlene akapiga sufuria.

"Haya, andika jina lako shemeji, kabla haijakauka!"

Orville alichovya gunia kwenye ndoo, akalikamua kidogo, akalitundika juu ya chokaa mbichi isiyo na jina, ili isikauke kwa haraka ikapasuka.