Mgeni Aliyefungiwa Kwenye Injini

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeikuta rejeta ya gari letu imekaa jikoni, inakunywa uji na Bibi.

Sikushangaa. Mchana nilikuwa nimeisafisha mwenyewe, hapa uani kwetu Igunga, na aliyetapishwa kutu ya miaka tisa lazima asikie njaa.

"Minza," rejeta ikaniambia, "jana ulinipitishia maji mara ngapi?"

"Mara nne."

"Ya kwanza yalitoka na rangi gani?"

"Ya chai ya maziwa."

"Na ya nne?"

"Meupe kabisa."

"Basi mimi ni mzima. Mtafuteni mgonjwa mwingine." Ikaomba iongezewe sukari.

Bibi akanielekezea macho yake yaliyotanda ukungu. "Mtafute upesi, mjukuu wangu. Wenyewe wanaondoka."

Wanaoondoka ni madaktari wa macho. Wamekuja Singida kwa wiki mbili, na leo ndiyo siku yao ya mwisho. Kutoka kwetu kwenda Singida lazima upande mlima Sekenke. Tumejaribu mara mbili, na mara zote mbili gari lilichemka kwenye kona ileile, tukarudishwa nyumbani kwa kuvutwa na lori la vitunguu. Bibi alikaa kiti cha mbele, mkoba mapajani.

Nafungua mlango wa jikoni. Nje si uani. Niko ndani ya mpira wa rejeta, mweusi, wenye joto la kadiri, na mbele yangu kuna foleni ya maji. Yamejipanga kwa adabu, yamebeba mafaili.

Mwisho wa foleni kuna geti dogo. Getini amekaa themostati, kile kidude cha shaba kinachoyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka yapate moto wa kutosha. Amevaa tai.

"Una nyuzi ngapi?" anamuuliza kila mmoja.

"Sitini."

"Rudi kazunguke. Anayefuata!"

Anayefuata ni Mjomba Malimi, fundi wa ukoo wetu, na ovaroli lake.

"Nyuzi thelathini na saba," anasema Mjomba.

"Rudi kazunguke."

"Wewe mdogo, unanijua mimi?"

"Nakujua sana. Ulining'oa ukasema kinachozuia maji hakina faida. Ukaniweka kwenye kopo la misumari miaka tisa."

"Aliyekuweka kwenye misumari alikuheshimu. Wenzako niliwatupa."

"Na gari likaacha kuchemka?"

Mjomba akatazama viatu vyake. "Lilichemka kwa sababu nyingine," akasema, akarudi kuzunguka.

Zamu yangu ikafika. Nilikuwa na thelathini na saba kama mjomba wangu. Lakini nikakumbuka jana jioni, kulanti, ile dawa ya kijani ya kupoza injini, ilipofika shingoni mwa rejeta. Nilitaka kuliacha gari lingurume kwanza, kifuniko kikiwa wazi, na Mjomba akaniambia, "Imejaa hiyo. Funga tukale." Nami nikafunga. Nikajiona nikifunga, hasira ikanipanda. Nikapanda hamsini, nikapanda sabini. Nilipofika themanini na mbili, geti likafunguka lenyewe.

"Pita, dada," themostati akasema. "Usikimbie kwenye kona."

Huko ndani, juu kabisa ya injini, kuna chumba chenye mkeka. Juu ya mkeka ameketi Hewa. Ni mnene, mviringo, hana miguu, na anachambua mchele.

"Hodi," nikasema. "Nimekuja kukutoa."

"Karibu. Unitoe wapi, na wewe ndiye uliyenifungia? Kabla yako alinifungia mjomba wako, na jana, saa kumi na moja na robo, ukawa wewe. Nilikuwa bado naongea."

"Sikujua kama umo."

"Hukuuliza. Aliyefungiwa ndani si mwizi, bibie."

"Basi toka sasa."

"Kupitia wapi? Mimi hupanda, sijui kushuka. Nanyi mmeliegesha gari pua mtaroni, matako juu." Akapuliza pumba. "Msijali. Kwenye tambarare sina neno. Nikifika Sekenke tu ndipo hujinyoosha, maji yakakosa pa kupita."

Na hapohapo tuko Sekenke, kwenye kona ileile. Hewa amejinyoosha. Mvuke umefunika barabara, na lori la vitunguu linatusubiri, kamba tayari mkononi mwa dereva. Bibi anatazama mbele.

"Minza, huu ni mvuke au ni macho yangu?"

Nikamshika Hewa shingo ili nimsukume nje, na hakuwa na shingo.

"Muache!" Bibi akafoka. "Nani kakufundisha hivyo? Mgeni hasukumwi. Husindikizwa."

Basi tukamsindikiza. Tulisubiri mpaka injini ikapoa, kwa sababu kifuniko kikiwa na hasira hakiguswi. Tukaliinua gari pua juu, tukalikalisha kama mtu anayeota jua. Nikafungua kifuniko, nikaliwasha, nikazungusha kitasa cha hita mpaka mwisho wa alama nyekundu, njia zote za maji zikafunguka. Bibi akamwongoza Hewa polepole, hatua kwa hatua, akimuulizia habari za nyumbani kwao.

Shingoni mwa rejeta Hewa akasimama. "Nafasi yangu ni vidole vitatu," akasema. "Msiiache tupu."

"Haya, karibu tena," Bibi akamwambia.

"Bibi! Usimkaribishe tena!"

Akatoka kwa cheuo refu, la mtu aliyeshiba.

Nikaamka. Kulikuwa kumepambazuka. Nikaenda uani bila viatu. Gari lilikuwa palepale, pua mtaroni, injini baridi, ardhi chini yake kavu. Nikafungua kifuniko. Kulanti niliyoiacha shingoni ilikuwa imeshuka. Nikapima: vidole vitatu. Kitasa cha hita, ambacho hakuna anayekigusa Igunga, kilikuwa mwisho wa nyekundu.

Nikajaza vidole vitatu, nikafunga.

Niligeuka nikamkuta Bibi kibarazani, amevaa koti, mkoba mkononi.

"Umemsindikiza mpaka wapi?" akauliza.

"Mpaka kifunikoni, Bibi."

"Inatosha," akasema, akapapasa mlango wa mbele. "Twende."