Tela la Nabasa

Nabasa alilala chini ya turubai miaka ishirini na tisa, tangu alipoolewa na Kakuru na kumfuata kwenye malisho ya Kyerwa. Ng'ombe wakihama, naye alihama. Watoto wanne aliwazaa humo. Mmoja alifia humo, wiki ya mvua ya mawe, kifua kikimbana. Tangu hapo mawingu yakikusanyika upande wa mto, Nabasa alikuwa akishika mti wa katikati ya hema kwa mikono miwili, akausubiri upepo.

Wazo lilikuwa lake. Mwanawe Mujuni alimwonyesha kwenye simu picha za watalii: tela dogo, bapa kama sanduku, likifunguliwa paa linapanda, kuta ngumu zinasimama, mtu anaingia na kufunga mlango. Nabasa alizitazama mpaka simu ikazima.

"Baba Mujuni, lina mlango," alimwambia mumewe.

"Hiyo ni michezo ya Wazungu," Kakuru akasema, akaenda kunywesha ng'ombe.

Nabasa hakunyamaza. Baada ya mwaka mzima wa kumsumbua, walikwenda wote kwa Yustus, fundi wa kuchomelea pale Isingiro. Yustus aliwaamkia shikamoo, akazitazama picha, akawaeleza bila kuficha. Hema la kufungwa juu ya pikapu lingekuwa rahisi, lakini nalo ni kitambaa tu. Kibanda cha bati cha magurudumu kisichokunjwa kingekuwa imara, ila kingeyumbishwa na upepo, na pikapu ya Mujuni isingekivuta milimani.

"Au mjenge nyumba ya matofali, mzee, mama apumzike," alisema.

"Ng'ombe nani atawakamua?" Kakuru akauliza.

"Tengeneza la kukunja," Nabasa akasema. "Kuta ngumu. Nitauza mitamba yangu."

Ilikuwa mitamba miwili aliyopewa na baba yake mzazi. Kakuru hakutoa hata ndama.

Mara ya kwanza bawaba zilipinda, ukuta ukagoma kusimama. Yustus akakata upya, akaweka chuma kinene zaidi, akazungushia mpira kwenye maungio ili maji yasipite. Miezi mitatu baadaye Mujuni alilivuta hadi malishoni Nyakatuntu. Alasiri hiyo hiyo mvua ilinyesha. Nabasa alifunga mlango, akaketi kitandani, akaisikiliza ikipiga bati. Mikono yake ilikuwa mapajani, haina cha kushika. Alilia kidogo, akaona aibu, akachemsha maziwa.

Raha hiyo aliipata miezi mitano.

Mwezi wa kumi yalitangazwa maonyesho ya wafugaji Kayanga. Kakuru, ambaye sasa alipenda kuwaita wapita njia waje waone paa linavyopanda, akasema atalipeleka tela siku tatu.

"Mvua hizi?" Nabasa akauliza. "Nami nilale wapi?"

"Turubai si lipo? Umelala chini yake miaka yote, siku tatu zitakuua?"

Maonyesho yakaongezwa muda; siku tatu zikawa kumi, kumi zikawa kumi na nane. Turubai lilikuwa limeoza mikunjoni. Maji yalimpata mgongoni, kisha homa, kisha kikohozi cha kukata mbavu. Mujuni alipokuja kuchukua maziwa alimkuta hawezi kusimama bila kushikwa, akampakia kwenye pikapu kumpeleka hospitali.

"Pitia kwanza kwenye maonyesho," Nabasa akasema.

Walisikia sauti ya Kakuru kabla hawajamwona. Alikuwa amesimama mlangoni mwa tela na kipaza sauti, suti ya kanisani mwilini.

"Niliwaza usiku na mchana, nikasema mke wangu asiteseke tena! Nikauza ng'ombe wangu!"

Watu walipiga makofi. Akamwona Nabasa amejifunga blanketi, amemwegemea Mujuni, akang'aa uso.

"Huyu hapa mwenyewe! Mama Mujuni, njoo uwaeleze watu raha unayoipata."

Akamshikisha kipaza sauti. Nabasa alikohoa kwanza, kikohozi kikavuma uwanja mzima.

"Ng'ombe walikuwa wangu," alisema. "Na mimi leo nimeamkia chini ya turubai, kwenye maji."

Kakuru akaangua kicheko, akamshika bega.

"Mama anapenda utani sana!"

Watu wakacheka naye. Walicheka kwa furaha, hata wanawake waliokuwa mbele. Nabasa akarudisha kipaza sauti, akarudi garini.

Alilazwa siku tisa. Siku ya saba Kakuru alifika na cheti cha maonyesho chenye jina lake mwenyewe, na habari kwamba wapimaji wa barabara wamekodi tela kwa mwaka mzima.

"Nimeshasaini."

"Hukuniuliza."

"Nikuulize nini? Mitamba yako ilikula majani ya nani?"

Nabasa aligeukia ukutani. Aliporuhusiwa, alimwambia Mujuni ampeleke Nyabiyonza kwa dada yake Yudesi, mjane mwenye shamba la migomba na kahawa. Kakuru alituma wazee wa kanisa mara mbili. Nabasa aliwapikia ndizi, akawasikiliza hadi mwisho.

"Mwambieni sijakasirika," alisema. "Mwambieni sirudi."

Mmoja akatikisa kichwa. "Mwanaume aliyekufikiria mpaka akakubunia nyumba, mama?"

Nabasa alikusanya sahani.

Yustus alipata kazi nyingi baada ya maonyesho. Wafugaji wa Kyerwa na Karagwe waliagiza matela kama lile, na kwa kuwa halikuwa na jina, watu waliliita kakuru. Siku moja Nabasa alikuwa akipalilia kahawa na dada yake, moja likapita barabarani, jipya, limepakwa rangi ya kijani.

"Kakuru hiyo!" watoto wa jirani wakapiga kelele, wakilikimbilia. "Kakuru! Kakuru!"

Yudesi alisimama, akamtazama dada yake. Nabasa aliendelea kulima. Kifua kilikuwa kinambana bado akiinama, kwa hiyo alilima taratibu.