Mfupa wa Bibi Thoan

Vali ile ilikuwa kaidi tangu siku ya kwanza. Ilitolewa kwenye moyo wa Bibi Thoan, akawekewa ya chuma, na ilipofika kwenye maabara ya hospitali pale Nam Dinh, kisu cha Nhan, fundi wa maabara, kiligoma. Akakata nusu yake kwa shida, akailoweka kwenye tindikali siku mbili ilainike. Kwenye hadubini akaona jambo ambalo kwa miaka ishirini na sita ya kazi alikuwa hajawahi kuliona: mfupa, tena wenye uboho ndani yake.

Habari zikamfikia mgonjwa wodini, naye akagoma kurudi nyumbani bila mfupa wake.

“Mwaka wa tatu baada ya kuzikwa, kwa desturi yetu, wanangu watanifukua waoshe mifupa yangu na kuizika upya,” alimwambia Nhan. “Ukikosekana hata mmoja, mwanangu, nitalala vipi?”

Fomu ya kurudishiwa ilikuwepo, lakini wa kuitia sahihi alikuwa Daktari Quyet, mkuu wa maabara, kijana asiyepepesa maneno.

“Dada Nhan, tangu lini moyo ukaota mfupa? Umechanganya makopo. Siku ile ile tuliletewa nyonga ya mtu.”

Nhan hakuhofia kupoteza kazi, alikuwa amebakiza miezi michache astaafu. Alichoogopa ni kumzika bibi wa watu na mfupa wa mtu baki. Kosa hilo halina dawa.

Akaichukua ile nusu nyingine, akakata ukanda mmoja toka ukingoni hadi shinani, akaulowesha siku mbili tena, kisha akauweka wote kwenye kioo kimoja cha hadubini.

“Anzia kushoto, daktari, na usiruke.”

Quyet alianza kwenye utando mwembamba wa vali, akaufuata ukikaza, ukiingia chokaa, mpaka ukawa mfupa. Hapakuwa na mkato popote. Aliangalia mara mbili.

“Nisamehe, dada,” alisema, akatia sahihi.

Kilichosalia kilikuwa kama punje ya mchele. Nhan alikifunga kwenye kitambaa chekundu, akakipeleka mwenyewe. Bibi Thoan alikishika kiganjani kitambo kirefu.

“Kumbe ni kadogo hivi, na kalininyima pumzi.”

Mwanawe wa kwanza aliuliza watauweka wapi, maana mifupa hupangwa toka miguuni hadi kichwani, na huu hauna mahali.

“Utangulizeni,” alisema bibi. “Mingine yote nilipewa na mama. Huu nimeutengeneza mwenyewe.”