Mashine Haikumtaja Ngugi

Shiko alipochomeka mashine yake ya kupimia magari chini ya usukani wa pikapu, alikuwa ameshamtia mumewe hatiani. Ni fundi hodari, Kakuma nzima inajua, ila kwa habari ya Ngugi yeye ni hakimu anayetoa hukumu kabla ya kusikiliza kesi.

Pikapu ni yao wote wawili: Shiko huitengeneza, Ngugi huiendesha kubeba watu na mizigo hadi Lodwar. Tangu Ngugi arudi kutoka Lorugum, taa ya injini ilikuwa ikiwaka, na kila pikapu ikipanda ukingo wa laga, mto mkavu wa mchanga, ilikohoa na kukosa nguvu. Shiko akatangaza mbele ya wateja kwamba kosa likiwa la dereva, usukani atapewa Cheruiyot, jirani aliyekuwa akiumezea mate. Ngugi alicheka, lakini Shiko aliona kicheko hakikufika machoni. Kuendesha ndiyo kazi pekee aliyoipenda mtu yule.

Asubuhi hiyo kwaya ya akina mama ilikuwa imeshaketi nyuma, vitenge vimenyooshwa pasi, tayari kwenda kuimba harusini Lodwar. Kiongozi wao, Nyaboth, aliyekuwa ameketi mbele, akashuka kuchungulia.

"Mama Levis, mashine nasema nini?"

Shiko akasoma namba ya hitilafu, akaeleza kuwa injini haipati hewa ya kutosha. Kisha akaongeza mambo ambayo mashine haikuyasema kabisa: kwamba Ngugi hufuata malori kwa karibu mno, hula vumbi lao lote, wala hana huruma na gari. Akina mama wakamtazama Ngugi kwa masikitiko, kana kwamba ameitwa mbele ya kanisa.

"Mama Levis," Ngugi akasema polepole, "mashine imesema hewa. Haijasema Ngugi."

Kwaya ikaangua kicheko. Shiko akanuna, akafungua sanduku la chujio la hewa ili atoe ushahidi. Chujio lilikuwa safi. Akafuata bomba hadi mdomoni, pale linapovutia hewa, na vidole vikagusa kitambaa.

Hakuhitaji kukitoa ili akijue. Siku Ngugi alipoondoka kwenda Lorugum, Shiko alihofia vumbi la njia ile lingemwulia injini mahali pasipo na msaada. Akakata kipande cha leso yake, akakifunga hapo bila kumwambia mtu. Madereva wengi wa huku hufanya hivyo, na yeye ndiye huwagombeza. Alikusudia kukifungua akirudi, lakini mume aliporudi salama, furaha ikamsahaulisha. Sasa kilikuwa kimeganda kwa vumbi.

Ngugi alikuwa upande wa pili, haoni. Mfuko wa ovaroli ulikuwa karibu, angeweza kukificha humo. Aibu ilimchoma Shiko hadi masikioni, lakini akakichomoa kitambaa, akakiinua juu kwaya yote ikione.

"Ni mimi," akasema. "Niliogopa usije ukakwama peke yako."

Ngugi, ambaye bila shaka alikuwa na mzaha tayari mdomoni, akaitazama leso na kuumeza.

Shiko akafuta namba. Injini ikanguruma bila kukohoa, taa ikabaki imezimika. Nyaboth akahamia nyuma kwa wenzake, akamwambia Shiko apande mbele, leo ampime dereva wake kwa macho. Akapanda. Mpaka Lodwar hakumwambia Ngugi apunguze mwendo hata mara moja, ingawa alitamani sana.